Pindua Jani Kwanza: Mwongozo wa Kutibu Bustani ya Nyumbani kwa Njia za Asili, Nyanda za Juu Kusini

Ilikuwa Januari, mvua haijakatika siku ya nne, jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, akapiga hodi mapema. "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, hebu njoo uone nyanya zangu. Zimeungua kama zimemwagiwa maji ya moto." Nikamfuata. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na matuta mawili, miche kama 30, majani yamesinyaa na kuwa meusi kuanzia pembeni. Dirishani ameweka chupa ya dawa ya viwavi aliyoinunua sokoni Mwanjelwa siku mbili nyuma, na alikuwa amekwisha kupulizia mara mbili. Nikashika jani moja, nikaligeuza. Chini yake, kando ya doa, kulikuwa na utando mweupe mwembamba kama vumbi la unga wa sembe. Kiwavi hakuwapo hata mmoja. Ule ulikuwa ugonjwa wa bakajani, na dawa ya viwavi haina kazi hapo.

Naandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa kila mwenye kipande cha bustani nyuma ya nyumba kuanzia Iringa, Mafinga, Njombe na Makete hadi Mbeya na Tukuyu. Mboga ya nyumbani inachumwa saa 5 na kuliwa saa 7. Mtoto anapita bustanini, anachuma nyanya, anaifuta kwenye shati, anaila. Sumu kali haina nafasi mahali kama hapo.

Jambo la kuweka akilini tangu mwanzo: huku kwetu ni juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini kama 1,550, Njombe inakaribia 2,000. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha inakuja baridi ya Juni na Julai. Matatizo yetu mengi yanaletwa na unyevu, baridi na udongo uliochoka. Ndiyo maana nitakuwa naweka kupulizia mwisho, hata pale penye dawa nzuri ya asili.

Hatua ya 1: Tambua kabla ya kutibu

Ingia bustanini asubuhi, umande ukiwa bado upo. Usiangalie jani juu tu, ligeuze. Kisha inama uangalie shina linapogusana na udongo. Dakika 10, mara mbili kwa wiki, zinatosha.

Majani machanga yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina? Hao ni vidukari, wengine tunawaita wadudu mafuta. Sisimizi hawali mmea. Wanafuata utomvu mtamu ambao vidukari wanautoa, na wanawalinda wasiliwe.

Matundu kwenye jani pamoja na vinyesi vidogo vyeusi au kijani: kiwavi. Matundu pamoja na njia inayong'aa kama ute uliokauka: konokono, au koa ambaye hana nyumba. Mche umekatwa chini kabisa kama kwa kisu na kuachwa umelala: sota. Mche mchanga umeanguka wenyewe, shina limenywea kama uzi: kinyausi. Jani lina unga mweupe juu, hasa la boga, tango au njegere: ubwiri unga. Mmea mzima umenyauka mchana huku udongo una maji: hapo chimba, usikisie, nitaeleza mbele.

Ukishindwa kabisa, ng'oa mmea mmoja mgonjwa na mizizi yake, uweke kwenye mfuko, umpelekee afisa kilimo wa kata. Kwa sisi wa Mbeya, TARI Uyole, yaani kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, wako karibu. Usipeleke jani moja lililokauka. Hata mtaalamu hawezi kusoma jani lililokufa.

Hatua ya 2: Lisha udongo, na ulishe mapema

Mmea wenye njaa hushambuliwa haraka na huchelewa kupona. Samadi mbichi iliyotoka bandani jana si chakula. Inaunguza mizizi, inaleta magugu, na huvutia wadudu wa udongoni. Iache ioze.

Tatizo la mboji huku juu ni baridi: lundo dogo halipati joto. Kwa hiyo fanya lundo liwe kubwa, angalau mita 1 kwa upana, urefu na kimo. Katakata vitu vidogovidogo. Anza na mabua ya mahindi au matawi membamba ili hewa ipite, kisha tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, na udongo kidogo. Nyunyiza maji kila tabaka. Rudia hadi limalize kimo, kisha funika kwa majani ya migomba au nyasi ili mvua isioshe virutubisho.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku 4 au 5 kichomoe na ukishike sehemu ya ndani. Kikiwa na joto na unyevu, lundo linafanya kazi. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikiwa baridi, kimelowa na kinanuka, lundo halina hewa: ligeuze na uongeze majani makavu. Geuza kila baada ya wiki 3. Kwa Mbeya hesabu miezi 3 hadi 4, na ukianza Mei au Juni usishangae ikifika 5. Ikiwa tayari hunukia kama udongo wa msituni.

Mbolea ya maji ni rahisi zaidi. Alizeti pori, ile yenye maua ya njano iliyojaa kando ya barabara na mipakani mwa mashamba, majani yake yana naitrojeni nyingi. Katakata majani na matawi laini, jaza nusu ndoo, ongeza maji, funika. Koroga kila baada ya siku 2 au 3. Baada ya wiki 2 chuja, changanya kopo moja la mbolea na makopo mawili ya maji, mwagia kwenye shina, si juu ya majani. Harufu yake ni kali, kwa hiyo ndoo ikae mbali na dirisha la jirani. Mbolea hii inafaa chainizi, sukuma wiki, spinachi na mnafu. Kwa nyanya na hoho ipunguze zikianza kuchanua, la sivyo utapata majani mazuri yasiyo na matunda.

Majivu ya jikoni ni mazuri kwa udongo wenye uchachu, na udongo wa namna hiyo tunao maeneo mengi ya nyanda hizi. Konzi mbili kwa mita moja ya mraba, mara moja kwa msimu, yanatosha. Kwenye tuta la viazi usiyaweke. Viazi havisumbuliwi na uchachu kidogo, na majivu mengi huvizidishia ukurutu wa ganda.

Hatua ya 3: Linda miche michanga

Kinyausi huua kitalu kizima kwa usiku mmoja au miwili. Vimelea vyake viko udongoni na hupenda miche iliyobanana, kivuli, na maji ya jioni. Kabla ya kusia, rundika nyasi kavu na takataka za shamba juu ya kitalu, uchome. Kama kitalu ni cha kwenye sinia au debe, mwagia udongo maji yanayochemka kisha uache upoe. Sia kwa mistari, usirushe mbegu ovyo. Mwagilia asubuhi ili udongo wa juu uwe umekauka jua likizama. Kikishaingia, ng'oa miche iliyoanguka pamoja na ile inayoizunguka, punguza matandazo, acha kumwagilia siku moja au mbili.

Sota ni tofauti, na hasira yake naijua. Unahamisha miche 20 ya kabichi jioni, imesimama vizuri, asubuhi unakuta 5 imelala chini. Usipande mingine kwanza. Mwenye kosa bado yupo pale pale. Piga magoti, choma kidole udongoni kuzunguka shina lililokatwa, umbali wa sentimita 5, kina cha sentimita 2 au 3. Utamkuta: mnene, wa kijivu, amejikunja kama herufi C, mwili wake una mafuta ukimgusa. Anakula usiku na kujificha mchana hapo hapo. Mtoe umpe kuku. Mara nyingi sota mmoja ndiye aliyekata miche mitatu.

Kwa kuzuia, kila mche uvae kola. Kata kopo la plastiki au karatasi ngumu iwe pete ya kimo cha sentimita 7, izungushe mche, uizamishe sentimita 2 au 3 ardhini. Na kama una nafasi, lima na uweke eneo wazi wiki 2 au 3 kabla ya kupanda, ukiruhusu kuku wapekue. Baada ya hapo ziba uzio. Mianzi ipo, na kwa Iringa na Njombe ambako inagemwa ulanzi haina shida kupatikana. Kuku wale wale waliokusafishia sota watapekua miche yako yote kwa nusu saa.

Konokono na koa: weka kipande cha ubao au gunia lililolowa kati ya matuta jioni, asubuhi kifunue uwaokote. Mwenye bata ana bahati. Pete ya majivu husaidia yakiwa makavu tu. Mvua moja, kazi imekwisha.

Hatua ya 4: Bakajani, adui mkuu wa nyanya na viazi

Hapa nitakaa zaidi, maana huu ndio ugonjwa unaowakatisha tamaa watu wetu.

Bakajani ziko mbili. Bakajani wahi huanza kwenye majani ya chini yaliyozeeka, na doa lake lina duara ndani ya duara kama ubao wa kulengea shabaha. Hiyo huenda polepole na mmea wenye chakula huivumilia. Bakajani chelewa ndiyo hatari. Doa lake halina duara, linaonekana kama limelowa maji, linakuwa kahawia au jeusi, na asubuhi yenye unyevu utauona ule utando mweupe chini ya jani. Shina nalo linapata mabaka meusi, tunda linakuwa gumu lenye rangi ya kahawia. Ugonjwa huu ndio uliofagia viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Unapenda nyuzijoto kama 15 hadi 22 na majani yaliyolowa kwa saa nyingi. Ukitaka kueleza Januari ya Uyole, Kawetere au Tukuyu kwa sentensi moja, ndiyo hiyo.

Wengi husema mvua imeunguza nyanya. Mvua haiunguzi. Inabeba vimelea na kulowesha jani muda wa kutosha viingie. Kwa hiyo kazi yetu yote ni moja: jani likauke haraka.

Kwanza, badilisha majira. Nyanya za wazi usizipande zikomae katikati ya masika. Sia kitaluni mwezi Julai mahali pasipopigwa na baridi kali, hamishia bustanini katikati au mwishoni mwa Agosti, mwagilia, na utaanza kuchuma Novemba kabla mvua hazijakaza. Ratiba hii peke yake imeniokolea nyanya nyingi kuliko dawa yoyote niliyowahi kushika.

Pili, toa nafasi. Sentimita 60 kati ya mche na mche, 75 hadi 90 kati ya mstari na mstari. Najua kiwanja ni kidogo na mkono unataka kubananisha. Miche 12 yenye hewa itakupa kuliko 30 iliyokumbatiana.

Tatu, simamisha kwa mti wa mita 1.5 hadi 2, funga kwa kamba laini, ondoa machipukizi ya kwapani. Mmea ukifika kimo cha goti, toa majani yote ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Fanya hivyo mchana mkavu. Ukishika mmea uliolowa, mikono yako ndiyo inayosambaza ugonjwa.

Nne, tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 7 ili matone ya mvua yasirushe tope kwenye majani.

Tano, mwagilia kwenye shina, asubuhi. Kopo lenye matundu juu ya majani saa 12 jioni ni mwaliko wa ugonjwa.

Kama lazima upate nyanya wakati wa mvua, jenga paa. Nguzo nne za miti, kimo cha mita 2, nailoni nyeupe inayopitisha mwanga juu yake, pande zote wazi ili upepo upite. Mvua haigusi jani, na hiyo ndiyo tiba kamili. Tangu nilipojenga kibanda cha mita 2 kwa 4 sijakosa nyanya ya mchuzi mwezi Februari.

Ugonjwa ukishaingia, sema ukweli na nafsi yako: hakuna majani ya kuchemsha wala maji ya vitunguu yatakayorudisha jani lililooza. Kata majani yenye madoa, yatumbukize moja kwa moja ndani ya kiroba, yafukie kwenye shimo la kina au uchome. Yasiende kwenye mboji. Mmea wenye shina jeusi ung'oe wote. Osha kisu na mikono kwa sabuni kabla ya kwenda kwenye tuta jingine. Ng'oa pia viazi vilivyojiotea kutoka msimu uliopita, kwa sababu humo ndimo ugonjwa unamopitisha kiangazi, na usipande nyanya kando ya viazi.

Dawa za shaba, zikiwamo zile za mrututu na chokaa, zinaruhusiwa kwa kiasi katika kilimo hai. Ni kinga, si tiba: hupuliziwa kabla madoa hayajaonekana, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mimi nazitumia kwa nadra, kwa kuwa shaba haiozi. Inarundikana udongoni mwaka hadi mwaka na kuumiza minyoo ya ardhi.

Ubwiri unga nautaja hapa kwa ufupi. Maziwa freshi kikombe 1 kwa maji vikombe 9, pulizia majani juu na chini asubuhi yenye jua, mara moja kwa wiki. Hufanya kazi vizuri kwenye maboga na matango ukianza madoa yakiwa machache.

Hatua ya 5: Wadudu, na dawa zinazopatikana huku kwetu

Anza na mkono na maji. Vidukari kwenye sukuma wiki huondoka kwa kupigwa na maji yenye nguvu chini ya jani siku 3 mfululizo. Viwavi wa kabichi huokotwa. Yule mdogo wa kijani anayejipindapinda kurudi nyuma na kuning'inia kwa uzi ukimgusa ni wa nondo mgongo wa almasi, na dawa nyingi za dukani amezizoea. Chunguza pia kama msaada haujafika. Ukiona mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, huyo na watoto wake wanakula vidukari. Mwache.

Wakizidi, maji ya sabuni. Kwangua sabuni ya mche kiasi cha kijiko kimoja kikubwa, yeyusha katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, iache ipoe. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, inaunguza majani. Jaribu kwenye jani moja, ungoje hadi kesho. Halafu pulizia jioni, chini ya majani, hadi yalowe. Sabuni huua mdudu anayeguswa nayo tu, na ikikauka haina nguvu tena. Ndiyo maana lazima urudie baada ya siku 4 au 5. Anayepulizia mara moja, juu ya majani, saa 6 mchana, atakwambia dawa za asili ni za uongo.

Wengi watakuambia utumie mwarobaini. Ni dawa nzuri kweli: gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa lita 1 ya maji, zilale usiku kucha, uchuje. Lakini mti wenyewe hupenda joto. Utauona Usangu, Chimala na Rujewa, huku Uyole hausitawi. Ukipata ndugu anayetoka Mbarali mwagize mbegu. Wakati unangoja, tumia vya kwetu.

Pareto kwanza. Inalimwa milimani huku Mbeya, Njombe na Iringa, na maua yake ndiyo chanzo cha dawa za wadudu zinazouzwa dunia nzima. Chuma maua yaliyofunguka, yakaushe kivulini hadi yavunjike mkononi, yasage. Gramu 20 za unga, yaani vijiko vikubwa 4 hivi, kwa lita 10 za maji pamoja na sabuni kidogo. Tumia siku hiyohiyo. Pulizia jua likizama kwa sababu mbili: mwanga wa jua huivunja nguvu haraka, na nyuki wakiguswa nayo hufa. Unga unaobaki uhifadhi kwenye chombo kilichofungwa, gizani.

Utupa ni wa pili. Wazee wanaujua kwa kuvulia samaki mitoni, na hapo pana onyo ndani yake. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni. Unaua viwavi na vidukari vizuri. Lakini usioshee vyombo vyake kwenye kijito wala karibu na bwawa la samaki, vaa glovu, na usichume mboga hiyo kabla ya siku 7.

Pilipili kichaa konzi 1 na vitunguu saumu viwili vilivyotwangwa, lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza maji lita 4 na sabuni: hii hufukuza zaidi ya kuua. Funika pua na macho, na upulizie ukiupa upepo mgongo.

Tumbaku naikataa. Watu wanailoweka na kuipulizia kwa kuwa ni jani la asili. Nikotini ni sumu kali hata ikipita kwenye ngozi, na tumbaku hubeba virusi vya batobato vinavyoshambulia nyanya na hoho. Mvutaji sigara naye aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche.

Na chandarua chenye dawa kiache kitandani. Nimeona bustani zimefunikwa kwa vyandarua wakati watoto wanalala bila. Neti ya bustani inauzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Hatua ya 6: Kantangaze

Kantangaze ni nondo mdogo anayeshambulia nyanya. Aliingia Tanzania mwaka 2014 akianzia kaskazini, na sasa kila mlima nyanya anamjua. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akiacha bomba pana lenye weupe. Ukilishika jani kulielekeza kwenye jua utamwona ndani akitembea. Kwa vile amejifungia humo, kila dawa inayoua kwa kugusa humpita.

Chuma majani yenye mabomba na matunda yenye vitundu kila siku ya tatu. Yaweke kwenye mfuko mweusi wa plastiki, funga, uache juani wiki 2. Usiyatupe pembeni ya bustani, watatoka na kurudi. Usiku weka beseni la maji yenye sabuni na taa juu yake katikati ya matuta. Nondo hufuata mwanga na kuanguka humo. Ukimaliza kuvuna ng'oa mashina siku hiyohiyo, lima kwa kina ili buu waliomo udongoni wafunuke, na msimu unaofuata mahali hapo weka maharage, vitunguu au kabichi.

Hatua ya 7: Mmea unanyauka na maji yapo

Kata shina la mmea uliokuwa umenyauka karibu na ardhi, kipande cha sentimita 10. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iguse maji, usiitikise. Ngoja dakika 5. Zikitoka nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka taratibu, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa, ya asili wala ya dukani. Ng'oa mmea na udongo wa mizizi yake, choma. Mahali hapo usipande nyanya, viazi, hoho wala bilinganya kwa angalau misimu 4. Panda mahindi au vitunguu. Na usiruhusu maji ya tuta hilo yatiririke kwenda jingine.

Glasi ikibaki safi, ng'oa mmea wenyewe uangalie mizizi. Ikiwa na vifundo kama shanga, ni minyoo fundo. Weka samadi ya kuku iliyooza kwa wingi, kisha jaza eneo hilo na bangi mwitu, lile gugu lenye harufu kali, au maua ya jamii yake, kwa miezi 3 hadi 4. Mizizi yake inawapunguza kweli. Kwenye maharage usichanganye na vinundu vya kawaida. Vile hubanduka ukivisugua kwa kidole na ndani ni vya waridi. Ni vya kheri, vinatengeneza naitrojeni.

Hatua ya 8: Usiku wa sakitu

Sakitu, ambayo wengi tunaiita barafu, huja Juni na Julai katika mabonde ya Uyole, Makete, Njombe na Mufindi. Dalili unaziona jioni: mbingu haina wingu, nyota zinawaka, upepo umetulia kabisa. Alfajiri nyasi zitakuwa nyeupe.

Siku hiyo mwagilia udongo mchana. Udongo wenye maji hutunza joto la jua na kulitoa usiku. Kabla ya giza, funika mimea kwa nyasi kavu, magunia au shuka kuukuu, vikae juu ya vijiti visiguse majani. Nailoni ikigusa jani, jani hilo litaungua. Kifuniko kifike chini, kwa kuwa joto unalolitaka linatoka ardhini. Miche ya kwenye makopo iweke kando ya ukuta wa matofali uliopigwa na jua. Sukuma wiki, kabichi na karoti hazihitaji hayo yote. Nguvu zako ziweke kwa nyanya, hoho, maharage, maboga na viazi. Asubuhi fungua saa 3, jua likishapanda.

Ikikuwahi na majani yakageuka meusi, usishike panga siku hiyo. Wacha wiki 2. Mwaka juzi hoho zangu 6 zilibaki vijiti, na mume wangu akashauri tung'oe tupande vitunguu. Mwishoni mwa Julai nilikwaruza gamba la shina kwa ukucha karibu na ardhi, ndani bado kijani. Nikakata juu ya hapo, nikamwagia mbolea ya alizeti pori, na wiki ya pili ya Agosti chipukizi la kwanza likatokea, dogo kama punje ya mtama.